Kwa nini Shangani ina barabara pana na kwetu kuelekea Naliendele ni vichochoro?

Mjukuu wa Mikorosho

Wakuu, habari za jioni. Naomba anayejua mambo ya mipango miji anieleweshe, maana kikao cha mtaa kimeniacha na maswali kuliko nilivyoingia.

Bibi yangu ana eka mbili za mikorosho upande wa Naliendele, ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Alipoolewa pale palikuwa kijiji, jirani wa karibu ulimfikia kwa kupiga mbiu. Leo pande tatu za shamba ni nyumba: walimu, bodaboda, na mama mmoja mwenye banda la kuku ambao huwika saa wanayotaka wao. Njia ya kutokea barabara kubwa inapinda kila kona, inapita nyuma ya choo cha mtu. Gari la maji likija linasimama mbali, ndoo zinabebwa kichwani.

Juzi mwenyekiti akaitisha mkutano wa urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwenye makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango. Kampuni ya upimaji imeleta vijana wenye GPS, wamepiga rangi nyekundu kwenye mikorosho minne ya bibi. Tukaambiwa barabara ya mita nane itapita pale, kila mwenye eneo achangie pesa kwa kila kiwanja kitakachopatikana, na ardhi ya barabara haina fidia. Bibi akasimama akasema mikorosho hiyo ndiyo iliyomsomesha baba yangu, atakayeikata aanze na yeye. Mkutano ukavunjika.

Ninachouliza: manispaa ni moja, mbona Shangani barabara zimenyooka na miti imepandwa kwa mstari, sisi huku tunaishi kama mchwa? Walikuwa wapi hao wapanga mji kabla ya nyumba? Na je, ni halali bibi atoe ardhi bure?

Kijana wa Magomeni

Bibi apewe uenyekiti wa mtaa haraka 😂

Ila mkuu, barabara muhimu. Huku kwetu jirani aliunguliwa, gari la zimamoto likaishia dukani kwa Mpemba. Maji yamo kwenye gari, moto uko uchochoroni, watu katikati wanamwaga mchanga kwa masufuria.

Mzee wa Bikoni

Mjukuu, nisalimie sana bibi. Mimi nimepima ardhi tangu enzi za mnyororo na theodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, nimestaafu hao vijana wa GPS wakiwa wanaingia kazini. Nitakueleza kama mtu wa shambani na mpini wa panga, siyo mtu wa ofisini.

Shangani haikutokea kwa bahati. Mtwara ni mji uliochorwa kabla ya kuwa na watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walileta mradi wao wa karanga, wakalima Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Walitaka bandari ya kutolea mzigo. Lindi wakaona kina chake hakitoshi meli kubwa, wakahamia ghuba ya Mtwara. Reli ikajengwa kwenda Nachingwea, na mji ukachorwa mezani na barabara zake zote. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukatupwa ukiwa umemeza zaidi ya pauni milioni 30, na miaka ya 1960 ilipoanza reli nayo ikang'olewa. Tumebaki na kata inayoitwa Reli, treni hakuna. Lakini mchoro wa mji ulibaki, ndiyo maana kwa miaka mingi Mtwara ilikuwa na barabara kubwa kuliko watu wake.

Usiwasifu sana, hata hivyo. Walipanga kwa matabaka. Shangani viwanja vikubwa, upepo wa bahari. Majengo na wenzake viwanja vidogo, nyumba zinasikilizana. Ofisi za ardhi mpaka leo husema ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yaani nyumba zimebanana kiasi gani. Zamani ujazo ulifuata rangi ya ngozi, siku hizi unafuata mfuko.

Sasa kupanga mji ni nini hasa? Ni kuamua ardhi ipi ifanye kazi gani kabla jengo halijasimama, na kushikilia nafasi ya vitu ambavyo hakuna mwenye shamba atakayeviachia mwenyewe. Mtu akiuza shamba anauza mpaka hatua ya mwisho. Haachi mtaro, haachi shule, haachi makaburi wala uwanja wa mpira. Vitu hivyo havina mwenyewe, mpangaji ndiye anatakiwa awe mwenyewe. Kwa Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Kunakuwa na mpango kabambe wa mji mzima, chini yake michoro ya kina ya eneo moja moja, ndipo mpima aweke mawe ya mipaka, yaani bikoni, ndipo hati itoke. Kupanga, kupima, kumilikisha. Huko uswahilini mambo huanzia mkiani: mtu ananunua, anajenga, anavuta umeme, anaoa, mpima anaitwa mwisho.

Umeuliza walikuwa wapi. Nitakujibu bila kuwatetea. Kupima mapema kunataka pesa mkononi: umlipe bibi fidia ya shamba, uchonge barabara, ndipo uuze viwanja urudishe fedha. Halmashauri nyingi hazina mtaji huo. Zikiupata, zinapima viwanja kadhaa wakati wenye mashamba wameshakata na kuuza kwa kipande cha karatasi na sahihi ya mwenyekiti. Na watu hawasubiri. Sensa ya 2012 ilitukuta 108,299 katika manispaa hii. Ile ya 2022 ikatukuta tunakaribia laki moja na nusu. Hao walioongezeka hawakushukia Shangani. Nchi nzima ndiyo hivyo: mwaka 1967 Watanzania wa mijini walikuwa kama 6 katika kila 100, sasa ni karibu 35.

Halafu kwetu kukaingia homa ya gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982 watu wakalala nayo, lakini miaka ile ya kuelekea 2013 Mtwara ilijaa wageni wanaonunua mashamba bila hata kuyakanyaga. Bei zikapanda mpaka mwenyeji akawa anapanga nyumba ya mtu. Bomba la gesi likaenda Dar, homa ikashuka, wengi wa wanunuzi hao hawajarudi. Ukitembea huko pembezoni utaona nyumba tatu, pori la mtu asiyejulikana, nyumba mbili, pori tena. Bomba la maji linalazimika kuvuka mapori hayo lisipate mteja hata mmoja, na gharama yake anailipa yule wa mwisho. Hilo pori lililozungushiwa nguzo, kwangu mimi, linaumiza mji kuliko hicho kichochoro mnachokilalamikia. Kichochoro angalau kina watu.

Kuhusu bibi. Kurasimisha ni kushona nguo mtu akiwa ameivaa, lazima sindano imguse mahali. Ila mtenganishe mambo mawili ambayo mkutanoni huchanganywa. Serikali ikitwaa ardhi kwa mradi wa umma, tuseme barabara kuu au kituo cha afya, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Mkorosho unahesabiwa, na posho ya usumbufu ipo. Urasimishaji ni kitu kingine: wakazi wenyewe wanakubaliana kupunguza maeneo ili wapate njia na hati, kwa hiyo kipande cha njia hakilipwi. Msingi wake ni makubaliano. Rangi nyekundu kabla ya makubaliano ni haraka ya kampuni.

Mjukuu wa Mikorosho

Shikamoo mzee. Nimemsomea bibi maneno yako, amecheka hapo kwenye rangi nyekundu, akasema huyo mzee amekula chumvi.

Swali lake ni hili: njia ya zamani ya kwenda kisimani ipo pembeni ya shamba, imepitwa na watu tangu hajazeeka. Kwa nini barabara isifuate hiyo, ikate katikati ya mikorosho? Na pesa ya kila kiwanja anaitoa wapi mtu anayesubiri msimu?

Wa Mitwero, Lindi

Nisogee kidogo kutoka jirani. Ninyi Mtwara mmejaliwa tambarare. Sisi Lindi mji umebanwa, huku bahari, huku vilima, na kila mwaka watu wanapanda mlimani au wanashuka bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito. Nenda kahesabu nyumba zilizomo humo. Mwenye nyumba naye atakuuliza, nihamie wapi ambako boda haifiki elfu tatu?

Na hapa tunasubiri kiwanda cha kuchakata gesi Likong'o, mazungumzo yalianza vijana hawajaoa, sasa wana watoto. Kila tetesi ikitoka viwanja vinapanda bei. Mji umekaa mkao wa kula mwaka wa ngapi huu.

Mei 2024, mvua za wakati wa kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya Dar pale Somanga. Siku zile ndipo nilipoelewa mipango haiishii kwenye viwanja. Mji mzima ukategemea njia moja, kalvati likienda na maji, nyanya zinapanda bei sokoni kwenu na kwetu siku hiyo hiyo.

Mzee wa Bikoni

Marahaba mwanangu. Wa Mitwero, hapo kwenye kalvati umesema kweli. Nimeona mitaro mingi inaishia mlangoni kwa mtu kwa sababu aliyechora hakwenda kuangalia maji yanakotokea.

Bibi ameuliza kama mpima. Njia iliyopo ndiyo ya kwanza kufuatwa, hiyo ndiyo kazi ya urasimishaji, kuheshimu kilichopo na kukinyoosha. Nahisi walikata katikati ili wapate viwanja vingi vya mstari mmoja, maana kampuni hulipwa kwa idadi ya viwanja. Kamati ya urasimishaji ya mtaa wenu iombe mchoro uwekwe mezani kabla haujapelekwa kuidhinishwa. Ukishaidhinishwa, kuubadili ni safari ndefu. Mwambieni mchoraji: njia ya kisimani ipanuliwe, na mita zinazoongezeka zikatwe pande zote mbili, asikatwe bibi peke yake kwa sababu yeye ndiye mwenye eneo kubwa. Waonyesheni pia maji ya mvua yanapita wapi mwezi wa kwanza na wa pili. Vijana walikuja kiangazi, hawawezi kujua.

Pesa. Wizara iliwahi kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Eka mbili ni kama mita za mraba elfu nane. Ukitoa njia, ukakata viwanja vya mita 600 hivi, unapata kama kumi au kumi na moja. Yaani milioni moja na nusu na ushee, kwa bibi anayesubiri mnada wa korosho! Hapo ndipo wengi huuziwa presha, anatokea mjomba mwenye huruma anasema nitakulipia, nipe viwanja vinne. Msikubali. Ombeni mchoro ulifunike shamba lote ili njia zijulikane, halafu bibi alipie upimaji wa kiwanja cha nyumba yake kwanza, vingine vifuate msimu kwa msimu. Mkiandikishana na kampuni, malipo yapitie akaunti ya kamati, siyo mkononi kwa mtu.

Jingine ambalo halisemwi mkutanoni: hati ikitoka, kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na matumizi yataandikwa makazi. Mkorosho hautang'olewa siku hiyo, lakini shamba litakuwa limeshahesabiwa kuwa mji. Bibi alijue hilo kabla ya kuweka dole gumba. Na jina kwenye hati liwe lake yeye. Siyo la baba yako, siyo la kwako, hata kama wewe ndiye unayejua kuingia mtandaoni.

Kijana wa Magomeni

Mzee, na sisi ambao tumeshabanana kabisa, hakuna hata mkorosho wa kupiga rangi?

Mzee wa Bikoni

Kwenu hakuna mita nane za kupatikana bila kubomoa. Tafuteni njia moja tu ya gari kila baada ya nyumba kadhaa, hata ya mita nne, na mahali pa kuvuta maji ya zimamoto pajulikane. Anzeni na wenye kuta za uani zilizotoka nje ya nyumba, maana ukuta husogezwa. Huyo Mpemba mwenye duka barazani kwake pana nafasi, nenda kaongee naye.