Michezo ya kamba juu ya miti ya bustani ya jiji: tunaulizwa nini hasa?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Jiji linakusanya maoni kuhusu kuweka uwanja wa michezo ya kamba kwenye miti mikubwa ya bustani: majukwaa yanayozunguka mashina, madaraja ya mbao yanayoning'inia, na waya wa kuteleza nao kutoka mti hadi mti. Mwendeshaji atakuwa kampuni binafsi, na kupanda ni kwa tiketi. Fomu ina swali moja: unaunga mkono au huungi?

Mimi nashindwa kulijibu, na si kwamba napinga michezo. Anayesema ndiyo anakubali miti mingapi? Mkataba wa miaka mingapi? Chini ya majukwaa tutaendelea kukaa, au patawekwa uzio? Kampuni ikifilisika, nani atashusha zile nyaya? Huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Wenzetu Uingereza waliligombania jambo hili mahakamani. Mwaka 1985, katika kesi ya Gunning dhidi ya halmashauri ya Brent iliyohusu kufunga shule, vilitajwa vigezo vinne vya kuuliza wananchi, na mahakama za huko zinavitumia hadi leo. Watu waulizwe jambo likiwa bado bichi, wapewe maelezo ya kutosha, wapewe muda, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya kuamua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Moseley dhidi ya halmashauri ya Haringey, ilikwenda mbele zaidi: wananchi walipaswa kuelezwa hata njia mbadala zilizokwisha kukataliwa. Hapa kwetu tumeletewa mchoro mmoja wenye rangi nzuri. Penye michoro minne ningejua nachagua.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima kwako, lakini haya ya Uingereza ni kuchelewesha tu. Angalia nani hana nafasi pale bustanini. Watoto wadogo wana bembea, wazee wana mabenchi. Kijana wa miaka 14 akikaa kwenye bembea anafukuzwa, akikaa kwenye benchi anaonekana mhuni. Mwacheni apande mti.

Usalama nao usitutishe. Ulaya wana kiwango maalumu cha viwanja hivi, EN 15567, sehemu moja ya ujenzi na nyingine ya uendeshaji. Na siku hizi kuna mifumo ambayo karabina, kile kibanio cha chuma kinachokufunga kwenye waya, haitoki tangu unapanda mpaka unashuka, hata ukijaribu. Waambieni waweke hiyo, basi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimetunza miti miaka mingi, na nimechoka kusikia watu wakibishana kuhusu misumari ya kupigilia kwenye mashina. Kila mtu anatazama juu. Niwape mawili.

La kwanza ni ganda. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya ganda. Ukifunga waya ukabana shina mzunguko mzima, umelikata tabaka hilo bila kushika panga. Mti hauanguki leo. Unadhoofika taratibu, na siku ukikauka kila mtu atasema ni ukame. Ndiyo maana mafundi wazuri huweka vipande vya mbao kati ya waya na shina, kisha hurudi kulegeza kadiri mti unavyonenepa. Kulegeza huko ni gharama ya kila mara, na ndiyo ya kwanza kukatwa biashara ikiyumba.

La pili, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni miguu. Watu hudhani mizizi imezama chini kama mti wenyewe ulivyosimama juu. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo, na inahitaji hewa. Foleni ya watu wanaosubiri zamu, siku baada ya siku, inaushindilia udongo mpaka unakuwa kama sakafu. Kwenye kazi za ujenzi, Waingereza hulinda duara lenye nusu kipenyo mara 12 ya kipenyo cha shina. Shina la sentimita 80 linadai mita 9.6 kila upande. Chukua futi kamba, nenda kapime, halafu uniambie foleni itasimama wapi.

Sipingi. Foleni iwekwe kwenye njia iliyokwisha sakafiwa, na pale pasipoepukika pamwagwe tabaka nene la vipande vya mbao. Lakini hilo lichorwe sasa. Likiachwa, litachorwa baada ya mkataba kusainiwa.

Mchangiaji wa tatu

Mbona Ghana wameweza? Kakum wana njia ya juu ya miti tangu 1995, madaraja saba, kama mita 350, na watu wanatoka mbali kuiona.

Mleta mada

Kakum ni hifadhi ya msitu, ndugu. Anayefika pale amefuata daraja lile, hakuna aliyeondolewa alipozoea kukaa. Bustani ya jiji inategemewa na mtu asiyefuata chochote: anayekatiza kwenda kazini, mama anayebembeleza mtoto alale. Mtu huyo ndiye asiyejaza fomu.

Mchangiaji wa nne

Na tiketi? Mtoto asiye na hela atasimama chini akihesabu soli za viatu vya wenzake.

Mchangiaji wa tano

Lakini tuseme ukweli, jiji halina fedha za bustani. Kodi ya kampuni ndiyo italipa wafagiaji.

Mleta mada

Italipa kama imeandikwa hivyo. Ikiingia mfuko mkuu, inaweza kulipia mafuta ya magari ya wakubwa na bustani isione hata ufagio. Hilo nalo fomu haikusema.

Mimi nitaacha visanduku vyote viwili wazi, niandike masharti: mkataba mfupi wenye dhamana ya kuondoa vifaa, ripoti ya mtaalamu wa miti iwekwe hadharani kila mwaka, ardhi ya chini ibaki wazi, na siku za kupanda bure kwa shule.

Mchangiaji wa kwanza

Mimi nitatia tiki kwenye ndiyo, halafu nitaandika masharti yako yote isipokuwa la mkataba mfupi. Hakuna atakayewekeza kwa miaka miwili.

Mleta mada

Sawa, hapo tutabishana. Ila nafasi ya maoni kwenye fomu ni mistari mitatu. Ambatisha karatasi.