Antigone alimbadilisha nani pale Thebes?

Kishada (mleta mada): Wakuu, nimeirudia Antigone, tamthilia ya Sophocles wa Ugiriki ya kale. Mfalme Creon wa mji wa Thebes amepiga marufuku Polynices asizikwe kwa kuwa aliushambulia mji. Antigone, dada wa marehemu, anamfukia kwa vumbi, anakamatwa, anahukumiwa kufungiwa pangoni angali hai. Je, msimamo wake ulimbadilisha mtu, au uliangamiza tu? Mimi nasema uliwabadilisha. Haemon, mchumba wake, anaanza kwa kumtii baba yake, Creon, lakini anaishia kumwambia usoni kwamba mji mzima unamlilia binti huyu chinichini. Hata Ismene, dada yake Antigone aliyekataa kusaidia, anataka kufa naye.

Mtemi wa Bara: Ismene usimtaje. Huyo ni ndugu wa kusubiri kaburi lifukiwe ndipo atokee na kanga mpya.

Bintimwema: Mtemi, umetutukana wengi. Baba, mama na kaka zake wawili wote wamekufa, bado unamtaka afe na yeye? Mimi niliponyamaza kwenye ugomvi wa urithi niliitwa mwoga hivyohivyo, na ni mimi niliyebaki kumuuguza mama. Tena Ismene alisimama mbele ya Creon akakiri kosa ambalo hakulitenda. Antigone akamfukuza!

Mtemi wa Bara: Pole kwa kuuguza, ila ya nyumbani kwako tusiyaingize humu. Aliombwa mkono kabla, akakataa. Kukiri mwenzio ameshatiwa nguvuni hakumsaidii mtu.

Somo: Soma tena mlango huo, Mtemi. Antigone anamwambia wazi ajiokoe. Creon alishawahukumu wote wawili, halafu akamwachia yule ambaye hakuigusa maiti. Kule kukataliwa ndiko kulikomponya Ismene.

Kishada: Jamani, mada ni ushawishi wa Antigone.

Jahazi79: Mandela aliicheza hii gerezani Robben Island, nadhani yeye ndiye alikuwa Antigone. Mtu wa msimamo, angekuwa nani mwingine?

Somo: Alicheza Creon. Na alimwona Antigone kuwa mpigania uhuru, aliyeivunja sheria kwa sababu ni ya dhuluma.

Jahazi79: Basi ndiyo uzito wenyewe! Mfungwa anavaa joho la mtawala asiyesikia la mtu.

Mtemi wa Bara: Huyo Creon hakubadilishwa na Antigone. Alitishwa na Tiresias, mzee kipofu aliyemtabiria kwamba atalipa kwa mtoto wake mwenyewe. Na hata alipotishika alikwenda kumzika Polynices kwanza, pangoni baadaye. Akakuta binti ameshajinyonga. Haemon akamrukia baba yake kwa upanga, akamkosa, akajichoma mwenyewe. Mama yake, Eurydice, aliposikia naye akajiua. Ushawishi gani huo?

Bintimwema: Unawahesabia vifo hivyo Antigone badala ya Creon? Ndiyo maana Ismene unamwona takataka. Kwako mwanamke akikaidi ameua, akitii ni mwoga.

Mtemi wa Bara: Usinitilie maneno kinywani. Antigone namheshimu kuliko wote humu.

Bintimwema: Unamheshimu kwa sababu amekufa. Ismene amebaki hai, na ana maiti wengine wa kuwazika, dada yake mmojawapo.

Mtemi wa Bara: Sophocles hakuandika hilo. Ismene hatajwi tena mpaka mwisho.

Bintimwema: Kwa hiyo wamejizika wenyewe? Nijibu hilo kwanza.