Tupeane uzoefu: Kitu gani cha jikoni kiliwahi kukubadilikia rangi mbele ya macho?

Mwalimu wa Kata
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia, na kwetu karatasi za litimasi, zile za kupimia asidi na besi, zikiisha Februari ndiyo imetoka hiyo mpaka mwakani. Asidi (vitu vichachu kama ndimu) na besi (kinyume chake, kama magadi na sabuni) nazifundishia choya. Nachemsha maua makavu, maji mekundu nayagawa kwenye glasi. Ya kwanza nakamulia ndimu, wekundu unakolea. Ya pili natia maji ya magadi, inageuka kijani na darasa zima linapiga kelele. Maji ya jivu nayo huvuta kwenye kijani. Inayocheza hapo ni anthosiani, rangi ya asili ya mimea, imo pia kwenye kabichi ya zambarau na ganda la bilinganya. Leteni visa vyenu, ila viwe vya kuona kwa macho, si vya kusimuliwa.

Binti Makorora
Mwalimu, sisi Tanga hayo tunayaona kila Idi. Biriani ikidondokea kanzu nyeupe, doa ni la njano. Lipake sabuni ya mche uone: jekundu la kutisha! Wifi yangu alipoolewa hapa alipiga ukelele, akajua kanzu ya mumewe ndiyo basi tena. Kumbe ni manjano yamekutana na besi. Kamulia ndimu, yanarudi njano. Kulitoa kabisa, fua kisha anika juani, maana jua huyapausha manjano kuliko sabuni yoyote niliyowahi kununua.

Kapuku Mstaafu
Mimi ni strungi tu. Ndimu ikiingia, chai inapauka hapo hapo. Jirani yangu anabisha kwamba ndimu "inachuja majani". Nikamtilia chembe ya magadi kwenye kikombe cha pili, kikawa cheusi tii. Bado anabisha.

Mama Lishe Stendi
Hiyo anthosiani siijui, najua sufuria. Nikipika maharage kwa magadi, sufuria ya alumini inatoka nyeusi ndani. Kesho yake nikichemshia ukwaju, inatakata bila steelwire. Wasichana wanaoanza kazi kwangu nawaambia hivi: nyanya na ukwaju haviingii mpaka maharage yameiva. Ukitangulia uchachu, utachochea kuni mpaka jioni na punje bado ngumu. Magadi yenyewe kidogo sana, yakizidi chakula kinanuka sabuni na mteja harudi.

Mwalimu wa Kata
Mama, umemaliza mada yangu ya wiki nzima. Magadi yanalegeza pektini inayoshikilia punje, asidi inaikaza. Ila magadi yanaua vitamini B1, na ni sodiamu hayo, wenye presha wayaogope.

Mluhya wa Butere
Kwetu Magharibi mwa Kenya magadi ya dukani ni ya wavivu 😂. Nyanya yangu huchoma maganda ya ndizi au ya maharagwe, jivu analiweka kwenye chombo chenye matundu, anamwagia maji, yanayochuruzika chini ndiyo munyu. Ukitia kwa mrenda au kunde, mboga inalainika haraka na kubaki kijani kibichi. Ukishika munyu mkali vidole vinateleza kama vya sabuni.

Dobi wa Hoteli
Niongeze la hatari. Dawa ya kung'arisha mashuka isikutane na siki wala ile dawa kali ya kusafishia choo. Mwenzangu alizichanganya kwenye ndoo, ikatoka klorini, tukakimbia nje tunakohoa na macho yanachuruzika. Hapo usingoje rangi ikuonye.

Fundi Sabuni
Natengeneza sabuni ya mche kwa mafuta ya nazi na kostiki, yaani magadi makali yanayounguza ngozi. Wengi hupima kwa manjano kama sabuni haitachubua ngozi, nami naona ni kujidanganya: sabuni yoyote nzuri ni besi, kwa hiyo manjano yatakuwa mekundu tu, iwe salama au inayochubua. Mimi natumia maji ya kabichi ya zambarau. Nadondoshea kwenye kipande kilicholoweshwa. Kikitoa bluu au kijani, naiacha ikauke wiki nne ndipo niuze. Kikienda njano, kostiki imezidi, mzigo wote narudisha jikoni.

Binti Makorora
Fundi, hiyo kabichi unaipata wapi? Hapa sokoni naona nyeupe tupu.

Fundi Sabuni
Dada, mimi naagiza Lushoto. Ukiikosa, chukua choya ya Mwalimu, ila iwe nzito.