Lumeni 100,000 kwenye tochi ya mkononi? Mafundi magari tumechoka kuibiwa

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni wa hasira, kwa hiyo kama unauza tochi usijisikie vibaya, jisikie vibaya sana. Meza za Kariakoo zimejaa tochi zilizoandikwa "lumeni 100,000", "betri 9900 mAh", "maalumu kwa mafundi". Kijana wa gereji anatoa hela yake ya jasho, muda si mrefu mwanga umefifia, swichi imezama ndani, na akirudi dukani anaambiwa mali ikishatoka hairudi.

Lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga, mAh ni cha ujazo wa betri. Tupige hesabu ambayo muuzaji anaomba Mungu usiijue. Balbu ya kawaida ya H4, wati 60, inatoa kama lumeni 1,650 kwenye taa ndefu. Ukigawa 100,000 kwa hizo, unapata balbu 60, yaani taa ndefu za magari 30 zimekaa kiganjani mwako! LED iliyofungwa ndani ya tochi ikijitahidi sana inatoa lumeni 150 kwa wati moja, kwa hiyo hapo unahitaji zaidi ya wati 650. Betri moja nzuri ya 18650 ina kama wati-saa 11. Ingeisha kwa dakika moja tu, na hilo gamba usingeweza kulishika kwa joto. Wanajua ni uongo, wanauandika hivyo hivyo.

Betri nayo ni hadithi ile ile. 18650 ni kipimo cha umbo, milimita 18 kwa 65. Kwenye umbo hilo, hata betri nyingi za viwanda vikubwa kabisa duniani zinaishia karibu 3,500 au 3,600 mAh. Ukiona 9900 kwenye karatasi yake, rudisha mezani bila kuuliza kitu. Kama una kimizani kidogo, ipime: nzima ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikisoma 30, umeuziwa gamba lenye kibetri kidogo ndani.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni rangi ya mwanga, kwa sababu hapo fundi anaharibu kazi ya mtu bila kujua. Hizi tochi za mwanga wa bluu-bluu zinaua wekundu. Chukua mvujo pale injini inapokutana na gia boksi. Ikiwa ni ATF nyekundu, yaani mafuta ya gia boksi la otomatiki, unafikiria sili ya gia boksi. Ikiwa ni oili ya injini, inaweza kuwa sili ya nyuma ya krenki, lakini inaweza pia kuwa gasketi ya kava la tapeti imechoka, oili inateremka nyuma ya injini na kukusanyika pale pale. Chini ya mwanga mbovu ATF na oili chafu zote zinaonekana kahawia. Gia boksi linashushwa siku nzima, kumbe tatizo lilikuwa juu, kazi ya boliti chache na gasketi moja. Mteja analipa, fundi anatukanwa, muuzaji wa tochi anakula pilau.

Kwenye waya ni hivyo hivyo. Nyekundu na kahawia zinafanana, zambarau inageuka bluu, pinki inapauka hadi unaiona nyeupe. Ukikata waya kwa kubahatisha ndani ya dashibodi, fyuzi ndiyo hasara ndogo.

Kipimo cha kutafuta kinaitwa CRI, yaani mwanga unavyoonyesha rangi kama zilivyo, na mwisho wake ni 100. Kwa kazi ya gari chukua 90 kwenda juu, na kama wameandika R9, ile inayopima wekundu peke yake, isiwe sifuri. Rangi ya mwanga iwe kati ya Kelvini 4,000 na 5,000. Kwa nini madukani zimejaa za 6,500 na zaidi? Kwa sababu chipu ile ile ikitengenezwa kwa mwanga wa bluu-bluu na CRI ya chini inatoa lumeni nyingi zaidi, na lumeni ndizo zinazouza boksi.

Usitegemee boksi, jaribu mwenyewe. Weka mfukoni vipande vitatu vya waya, nyekundu, kahawia na pinki, pamoja na kitambaa cheupe chenye tone la ATF. Sogea kwenye kivuli, washa, tazama. Kisha mulika kiganja chako: mwanga mzuri unaonyesha wekundu wa damu chini ya ngozi, mbovu unakifanya kijivu.

Zile za kuvuta mdomo ndiyo mwanga uwe mwembamba, waachieni walinzi. Chini ya boneti unafanya kazi sentimita 40 kutoka usoni. Doa kali likipiga bomba la alumini linakurudia machoni, na pembeni kote ni giza. Unataka mwanga mpana, lumeni 200 hadi 500 za kweli, basi. Mwanga mwembamba una kazi yake, kuchungulia shimo la plagi au nyuma ya injini, na hapo tochi ya kalamu inatosha.

Sumaku nayo wanaisifia mno. Bloku ya injini ya 1NZ ya kwenye IST na Vitz ni alumini, gia boksi alumini, manifoldi ya hewa plastiki. Sumaku yako itashika nini? Bati la boneti, chesesi, boliti kubwa. Kwa hiyo tochi iwe na ndoano pia, na shingo inayokunjwa isiyolegea. Dukani ibandike kwenye geti la chuma halafu ligonge geti kwa ngumi. Ikiteleza, itakuangukia usoni ukiwa umelala chini ya gari.

Haya, leteni na zenu.

#2
Mkuu umesahau za kuchomeka moja kwa moja ukutani, zenye pini mbili za kuchomoza. Nyingi hazina transfoma ndani, wameweka kapasita tu kupunguza umeme wa 230. Maana yake hakuna kinachokutenga na umeme wa ukuta. Ikiwa kwenye chaji halafu gamba limepasuka au mkono una maji, umekwisha. Na betri yake ni ya risasi ya volti 4. Ukiiacha imeisha chaji kwa muda mrefu inaganda salfeti, mara nyingi hairudi tena.

Hata za USB-C wanabana senti. Kuna rezista mbili za kiloomu 5.1 zinazotakiwa kwenye tundu, wanaziruka. Matokeo yake waya wa C kwa C hauchaji, unalazimika kutumia ule wa mdomo mpana wa zamani. Watu wanadhani tochi imekufa.

#3
Naongeza hatari moja. Tochi za bei poa zikiwa kwenye mwanga mdogo zinawaka na kuzima haraka haraka ili kupunguza nguvu. Mapigo hayo yakilingana na mzunguko, feni au puli inaonekana imesimama wakati injini inaunguruma. Vidole vinakwenda. Ijaribu kwa kamera ya simu: weka mwanga mdogo, mulika ukuta. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye skrini, iache.

Na wale wa taa ya waya yenye balbu ya nyuzi ndani ya shimo, acheni jamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia shimoni. Balbu ikidondoka ikavunjika, nyuzi yake bado ni ya moto na inatosha kuwasha. Ukifungua pampu ya mafuta, chomoa hasi ya betri, fungua milango, na tochi iwashwe mbali kabla hujasogea, usibonyeze swichi palepale. Kazi ya matenki kila siku inataka tochi yenye alama ya Ex ndani ya pembe sita, yaani iliyotengenezwa isiwashe mvuke, tena inunuliwe kwa mtu mwenye karatasi zake, maana stika ya Ex yeyote anachapa.

#4
Wakuu, boksi la kwangu limeandika "saa 8". Huo nao ni uongo?

#5 (mwenye uzi)
Inategemea mkuu. Kwenye kipimo cha FL 1 ambacho watengenezaji wa maana wanakifuata, lumeni hupimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10. Kwa hiyo hata mkweli anaweza kukupa saa moja ya mwanga na saba za kutafutia viatu. Tafuta mchoro unaoonyesha mwanga unavyoshuka kwa muda. Usipokuwepo, iwashe dukani kwa nguvu zote dakika kumi na uiweke kando ya nyingine ya aina ile ile iliyozimwa, kisha iwashe hiyo ya pili ulinganishe ukutani.

Na kioo kiwe kioo kweli. Breki klina inafanya plastiki ukungu na kuipasua nyufa nyufa.