Mnadhiri aliyetimiza nadhiri yake alikuwa na dhambi gani?

Mleta mada: Wakuu, hili limenisumbua muda mrefu. Katika Biblia, Hesabu 6 inamruhusu mwanamume au mwanamke wa Israeli kujiweka wakfu kwa muda, yaani kuwa Mnadhiri. Haonji divai, siki wala zabibu hata maganda yake. Wembe haupiti kichwani. Maiti haikaribii, hata ikiwa ya baba au mama yake. Siku zikitimia anapeleka wanakondoo wawili na kondoo dume, ananyoa nywele mlangoni pa hema ya kukutania, mahali pa ibada, na kuzitia motoni. Mwanakondoo mmoja, yule jike, ni sadaka ya dhambi. Dhambi ipi, na ameshika yote?

Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Rabi Eleazar HaKappar anasema kosa lake ni kujinyima divai. Nahmanides, rabi na mfasiri wa Maandiko wa karne ya 13, anasema kinyume kabisa: kosa ni kuuacha utakatifu na kurudi kwenye maisha ya kawaida. Wote wawili hawajanitosheleza, maana wamewasahau waliobaki nyumbani. Mama amefariki, ndugu wanamwandaa na kumbeba, mtoto wake kasimama mbali kwa nadhiri ambayo hakuna aliyemlazimisha. Anayejinyima huwanyima na wenziwe. Yule mwanakondoo, kwangu mimi, ni kwa ajili yao.

Mchangiaji: Mkuu, hoja inagusa ila haisimami. Walawi 21:11 inamkataza kuhani mkuu naye kukaribia maiti ya baba au mama, na hadaiwi sadaka yoyote kwa hilo. Halafu mwanamke aliyejifungua pia alileta sadaka ya dhambi (Walawi 12). Kuzaa ni dhambi? Sadaka ile humvusha mtu kutoka hali moja kwenda nyingine. Mnadhiri alikuwa upande wa patakatifu, sasa anarudi kunywa divai na watu wake.

Mleta mada: Kwa huyo mwanamke aliyejifungua umenibana, nakubali. Kwa kuhani mkuu bado. Yeye alizaliwa katika ukoo wa Haruni, ukoo wa makuhani, hakuchagua. Mnadhiri alifungua kinywa chake mwenyewe.

Mchangiaji mwingine: Na Samsoni wa kitabu cha Waamuzi je? Malaika alimwambia mama yake kabla mimba haijatungwa kwamba mtoto atakuwa Mnadhiri tangu tumboni hadi kufa kwake. Hakufungua kinywa, wala hakupewa siku ya kumaliza. Hesabu 6 haina sadaka ya mtu kama huyo.