MJADALA: Gari la kibinafsi lina kazi gani Mombasa?

Jamaa, nianzie kivuko cha Likoni, kati ya kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, maana pale hesabu inaonekana kwa macho. Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa feri huvusha watu kama 300,000 kwa siku, na magari kama 6,000. Sasa tazameni sitaha: magari yamejipanga katikati, watu wamebanana kandoni na mizigo yao. Gari lenye mtu mmoja limekalia nafasi ya watu ishirini waliosimama. Naam, mwenye gari hulipa na mwenda kwa miguu havuki kwa pesa. Lakini nafasi ni ile ile.

Na tangu barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kivuko, ifunguke, anayetoka Ukunda kwenda Miritini au Nairobi hana haja ya kuvuka maji. Hoja yangu: asubuhi na jioni, saa za kazi, feri ziachiwe watu, ambulensi na mizigo inayooza. Gari la kibinafsi lizunguke.

Kisiwani nako, vichochoro vya Mji wa Kale havikujengwa kwa ajili ya gari. Mkokoteni unapita, wewe na gari lako unarudi kinyumenyume hadi barabara ya Ndia Kuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa wa mji huu walipanda vigari vya reli vilivyosukumwa na watu. (Sisemi turudi huko. Nani atasukuma kwa jua hili?)

Haya, semeni.

Mkaazi wa Likoni: Ndugu yangu, mimi nalala Likoni, kazi yangu Moi Avenue. Maji yenyewe hayafiki hata kilomita, nawe wataka nizunguke Dongo Kundu, nitokee Miritini, nije Changamwe na Makupa nikipigana na malori ya bandari? Petroli utatia wewe?

Mwanzisha mada: Liache gari Likoni, uvuke bure, ushike tuktuk ng'ambo.

Mkaazi wa Likoni: Niliache wapi? Nionyeshe kwanza uwanja wenye mlinzi.

Mama wa Kisauni: Mwaongea kama watu wasio na wazee nyumbani. Mamangu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Matatu ya watu 14, manamba anagonga bodi twende twende, hicho kiti kitaingilia wapi? Tuktuk tunampakia, kiti kinafungwa kwa kamba nyuma, roho mkononi mpaka tuvuke Daraja la Nyali. Gari la kakangu ndilo linalomfikisha kliniki. Mkiandika marufuku yenu, na sisi mtuweke pamoja na hiyo mizigo inayooza.

Dereva wa tuktuk: Hahaa, mama kasema. Mimi gari silipendi, linaniziba Mwembe Tayari kutwa. Lakini haki ya Mungu, treni ya SGR, ile ya Nairobi, tangu 2017 inashusha watu Miritini, si mjini. Baba, mama, watoto watatu na masanduku, usiku, hao si abiria wangu. Hao ni wa teksi.

Mwanzisha mada: Dada wa Kisauni, hapo umenibana. Wagonjwa na walemavu wavuke saa yoyote, na wawe wa kwanza. Ndugu wa Likoni, wewe bado sijakuachia: uwanja wa kuegesha ndio wa kudai, si sitaha ya feri. Wa Changamwe mko wapi? Hayo malori yakoje siku hizi?