Mwinjilisti akishaagwa, nani anamkumbuka? Tupeane uzoefu

Mleta mada: Jumapili tumemuaga mwinjilisti anayekwenda Kiteto, kule Manyara kwa wafugaji. Vigelegele, bahasha, mnada wa kuku mpaka saa nane mchana. Nikawakumbuka tuliowaaga kabla yake, moyo ukaniuma. Mliotumwa semeni. Na mnaotuma vizuri, mnafanyaje?

Mama Mchungaji: Umenigusa pabaya. Sisi tulipelekwa Simanjiro, huko huko Manyara. Mwanzoni posho ilikuja, ikaanza kuchelewa, ikakata. Ukipiga simu unaambiwa subiri kikao. Masika ile mtoto akashikwa na malaria, usiku degedege. Zahanati mbali, korongo limejaa, ndani unga wa sufuria moja. Mume wangu akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mhazini wa kanisa lililotutuma. Jibu: fungu limenunua spika, tuombeane. Kulipokucha mzee wa boma la jirani, ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, akatoa mbuzi wake iwe nauli ya bodaboda. Nikafungiwa mtoto mgongoni kwa shuka la mzee huyo. Tulivuka maji yakigusa injini.

Kijana wa Kwaya: Mungu wangu! Mtoto je?

Mama Mchungaji: Alipona. Yuko kidato cha pili, Kimaasai anakijua kuliko baba yake.

Dada Rehema: Nimelia. Huyo mzee abarikiwe.

Mzee wa Kanisa: Pole sana mama. Ila mwinjilisti naye alime, Paulo alishona mahema.

Mhazini wa Mtaa: Mzee, soma na Wafilipi 4:15. Paulo mwenyewe anawashukuru kwa kumtumia mahitaji, tena anasema makanisa mengine hayakufanya hivyo. Halafu alime nini, mvua zenyewe zile?

Mzee wa Kanisa: Wa zamani walivumilia. Mmisionari Krapf alizika mke na mtoto Mombasa mwaka 1844, hakukimbia.

Mhazini wa Mtaa: Nyuma yake kulikuwa na CMS, chama cha wamisionari kilichomtuma, na mwaka 1846 wakamletea mmisionari mwenzake, Rebmann. Sisi tunamtupa mtu peke yake porini halafu tunamhubiria uvumilivu!

Kijana wa Kwaya: Lakini spika nazo muhimu, bila mkutano wa hadhara watu hawaji.

Dada Rehema: Wafugaji wanahama na mifugo, mkutano utamkuta nani? Kaa nao, jifunze lugha yao kwanza.

Fundi Seremala: Dawa ni moja: mhazini akakae kule mwezi mzima. Akirudi, fungu litapatikana siku hiyo hiyo 😀

Mhazini wa Mtaa: Niko tayari! Kwetu kila jumuiya imebeba mwezi wake. Hela inatumwa kwa simu kabla ya tarehe 5, kabla hatujagusa matumizi mengine. Tunatuma wawili wawili. Baada ya mavuno wazee wanapeleka mahindi, wanalala huko, wanaona nyumba inavuja wapi.

Mleta mada: Na bima ya afya?

Mama Mchungaji: Lipieni kabla hajapanda basi. Na watoto wote waandikwe majina, msimwandike baba peke yake.